Vipimo ni safi, ngazi nashuka kama kaa

"Mwalimu, vipimo vyako ni safi."

Daktari aliigeuza karatasi nijisomee mwenyewe. Kasi ya damu kutuama: kawaida. Ile protini ambayo ini huimwaga mwili unapowaka: kawaida. Kipimo cha baridi yabisi: hasi. Asidi ya jongo: kawaida. Alisema kwa upole, kama anayenipa hongera, nami nikamshukuru kama niliyepewa zawadi. Kisha nikatoka, nikazishuka ngazi kiubavuubavu kama kaa wa kwenye mikoko, kifundo cha mkono nimekiegemeza kwenye chuma cha ngazi, maana vidole vilikataa kukishika.

Ilikuwa Novemba 2018. Homa yenyewe niliipata Februari, wakati nusu ya mtaa wetu wa Mombasa ilikuwa inatembea imeinama. Chikungunya, homa ya kirusi kinachoenezwa na mbu. Ilinishika siku nne ikaniachia. Viungo ndivyo vilivyobaki nayo.

Nafundisha bayolojia. Kila mwaka nachora ubaoni seli nyeupe za damu na kuwaambia wanafunzi kwamba hawa ndio askari wa mwili. Wiki kadhaa baadaye tunafika kwenye mfumo wa neva, nami nachora nyaya za umeme. Askari ukurasa huu, nyaya ukurasa ule, na baina yao kuna sura nzima ya figo. Sikuwahi kujiuliza kama hao wawili wanajuana. Ilibidi vidole vyangu mwenyewe vinirudishe darasani.

Shangazi yangu wa Lamu alinitangulia kwa miaka 14. Yeye hushona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambazo moja tu humla miezi. Mwaka 2004 mvua ziligoma. Watu wakawa wanaweka maji ndani, kwenye mapipa na mitungi, na yule mbu wa mchana mwenye madoa meupe miguuni akapata pa kuzalia. (Wazee wa Lamu walikuwa wakifuga visamaki kwenye birika la msalani vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Pipa la plastiki halina samaki.) Ugonjwa ulipopita, watafiti walipima damu za wakazi wakakuta karibu watu 3 kati ya kila 4 walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ukavuka hadi Komoro mwaka 2005, ukaendelea mpaka kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya watu waliugua.

Homa ya Shangazi iliisha kwa wiki moja. Vidole vyake havijarudi vilivyokuwa hadi leo. "Baridi yabisi hii, mwanangu," huniambia, na hapo ameshafunga mjadala.

Neno hilo lina historia yake. Ni Kiarabu: baridi na kavu. Limetoka kwenye tiba ya kale ya Wayunani iliyopita mikononi mwa matabibu wa Kiarabu, iliyouona mwili kama mizani ya joto, baridi, umajimaji na ukavu. Kiungo kilichoganda kilihesabiwa kuwa kimezidiwa na baridi na ukavu. Chikungunya nalo ni neno la huku kwetu, la Kimakonde, lenye maana ya kitu kinachomkunja mtu. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuandikia ugonjwa huo mwaka 1955, baada ya mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika. Leo Brazili na India zinatamka Kimakonde bila kujua. Majina yote mawili yanakuonyesha mgonjwa alivyo kwa macho: ameganda, amekunjika. Mimi nilitaka kujua ni nani anayemkunja, ilhali mbu ameshakufa zamani na homa imeisha.

Tuanzie ndani ya kiungo. Kila kiungo kimevikwa utando mwembamba unaotoa ule ute wa kulainisha mifupa isisagane. Ndani ya utando huo wanaishi makrofaji, seli nyeupe kubwa zenye kazi ya kumeza vijidudu na takataka. Mgonjwa mmoja wa Réunion alipochukuliwa kipande cha utando miezi 18 baada ya kuugua, ndani ya makrofaji zake vilikutwa bado vipande vya chembe za urithi za kirusi. Lakini watafiti wengine walichunguza ute wa viungo vya wagonjwa 38 wa Kolombia, karibu miaka miwili baada ya homa, wasikute kirusi hata kidogo. Viungo vyao vilikuwa vinauma vilevile. Kwa hiyo kirusi kinaweza kuacha mabaki, na kinaweza pia kuondoka kabisa na ugomvi ukaendelea bila ya aliyeuanzisha.

Katika utando huohuo zimo ncha za neva za maumivu. Vitabu vya shule huzichora kama kengele ya mlangoni: inabonyezwa, inalia, ubongo unasikia, basi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nafundisha nusu ya habari. Ncha hizo zina masikio na zina mdomo. Masikio yake ni vipokezi vya zile kemikali ambazo seli nyeupe hutumiana zenyewe kwa zenyewe, zinazoitwa saitokaini. Makrofaji ikitoa saitokaini kuita wenzake, neva nayo inasikia, na mara moja inakuwa nyepesi kulia. Mdomo wake ni kemikali ambazo neva yenyewe huzimwaga pale kwenye kiungo. Moja ni dutu P, iliyogunduliwa na von Euler na Gaddum mwaka 1931. Hizo hupanua mishipa ya damu, huifanya ivuje, na huziita seli nyeupe zije kwa wingi zaidi.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, huhitaji maabara. Katakata pilipili mbuzi bila glavu kisha jipake kwa bahati mbaya nyuma ya mkono. Ngozi inakuwa nyekundu, ina joto, inavimba kidogo. Hapana kijidudu, hapana jeraha. Ni neva imedanganywa kwamba inaungua, nayo ikatangaza moto. Mlango ambao pilipili inauingilia kwenye neva ulitambuliwa mwaka 1997 na David Julius na wenzake huko California, na Julius akashirikishwa tuzo ya Nobel ya 2021. Mlango huohuo hufunguliwa na joto, kwa kawaida likizidi nyuzi 43 hivi. Kiungo kinapowaka, kiwango hicho hushuka, na joto la mwili wako mwenyewe linaweza kutosha kuufungua. Mtu akikuambia maji ya vuguvugu yanamchoma, usimcheke.

Sasa unganisha. Seli nyeupe inasema, neva inasikia na kuwashwa. Neva inajibu, seli nyeupe zinakuja zaidi. Zikija zinasema zaidi. Nimetafuta mfano wa kuwapa wanafunzi wangu badala ya askari na nyaya, na niliouona unafaa ni mipasho. Mliohudhuria harusi za kwetu mnajua. Mwimbaji hataji jina la mtu. Lakini mmoja ukumbini anajua wimbo ule ni wake, anainuka kwenda kumtunza mwimbaji huku kidole kimeelekezwa kwa hasimu. Hasimu hawezi kunyamaza, akinyamaza ameshindwa. Wiki ijayo naye atakuja na wake. Ikifika mwezi wa tatu, hakuna anayekumbuka ugomvi ulianza na nini, na wala haijalishi.

Kuna ushahidi mmoja wa zamani ambao nikiufikiria hunisisimua. Kwa miongo mingi madaktari wameona kwamba mtu aliyepata kiharusi akapooza upande mmoja, kisha baadaye akaugua baridi yabisi ile inayoshika viungo vya pande zote mbili sawasawa, mara nyingi upande uliopooza husalimika. Mkono mmoja umevimba na kupinda, wa pili vidole vimenyooka kama vya kijana. Damu ni ileile inayozunguka pande zote mbili, na seli nyeupe zilizomo ni zilezile. Kilichotofautiana ni neva. Kupumzika kwa mkono uliopooza nako huenda kuna sehemu yake, wanasema wengine, na wana haki. Lakini huwezi tena kuniambia kwamba neva ni shahidi tu wa uvimbe.

Ugomvi haukai kwenye kiungo peke yake, na hapa ndipo nafikiri ile karatasi ya vipimo ilipotudanganya wote wawili, mimi na daktari.

Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha katika panya kwamba neva za maumivu zikipeleka ujumbe mkali vya kutosha, uti wa mgongo wenyewe hubadilika. Unaanza kukuza sauti. Baadaye hata mguso mdogo tu unapokelewa kama kipigo. Na baada ya hapo watafiti wengine waligundua kwamba waliomo kwenye mabadiliko hayo ni seli za kinga. Ubongo na uti wa mgongo vina walinzi wao, seli ndogo zenye matawi ambazo Pío del Río Hortega wa Uhispania alizipa jina la maikroglia mwaka 1919. Neva iliyoteseka ikipiga kelele bila kupumzika, maikroglia za jirani huzinduka, hubadilika umbo, na kutoa kemikali zinazolegeza breki za maumivu. Breki zikishalegea, upindo wa kanga ukikugusa goti unaruka.

Sindano ya maabara huchota damu ya mkononi. Damu hiyo inaweza kukuambia kama mwili mzima unawaka. Haiwezi kukuletea mazungumzo yanayopita kati ya maikroglia na neva ndani ya uti wa mgongo. Kwa hiyo daktari hakusema uongo. Vipimo vilikuwa safi kweli. Kosa ni hatua inayofuata, ambayo yeye hakuisema kwa mdomo lakini niliisikia nyumbani, kazini, na kwa jirani aliyeniletea uji: kama vipimo ni safi, basi imebaki kichwani mwako. Ningependa kuwajibu kwamba ndiyo, sehemu yake iko kichwani, na nyingine iko shingoni na mgongoni, na ni ya seli na kemikali kama malaria ilivyo ya vijidudu.

Uchovu ni hivyohivyo. Saitokaini zile zikipanda, ubongo hupata habari kwa njia mbili, kwa damu na kwa neva, na huagiza yale tunayoyajua sote tukiwa na homa: lala, usile, usitake kuonana na mtu. Kwa siku tatu za homa, amri hiyo ina faida. Ikiendelea kwa miezi, watu wanaiita uvivu.

Neva inayobeba sehemu kubwa ya habari hizo ni ndefu, inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inafika moyoni, mapafuni na tumboni. Inaitwa vagasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kevin Tracey na wenzake huko New York walitia dawa ya kuzima uvimbe ndani ya ubongo wa panya. Uvimbe ulioshuka ukawa wa mwili mzima. Dawa ilikuwa kidogo mno kuweza kufika huko kwa damu. Walipoikata vagasi, athari ile ikapotea. Mwaka 2000 wakatangaza kwamba ukiichochea vagasi kwa umeme, seli nyeupe hupunguza kutoa TNF, moja ya saitokaini kali kuliko zote. Njia yenyewe ilikuja kufuatiliwa mpaka kwenye wengu, ambako kuna seli nyeupe za aina ya T zinazotengeneza asetilikolini. Hapo nilikiweka kitabu chini. Asetilikolini tunaifundisha kama kemikali ya neva, basi. Kumbe kuna seli nyeupe zinazosema lugha ya neva kwa ufasaha, ili kuwatuliza jamaa zao makrofaji.

Kwa hiyo baina ya hawa wawili hapana uchochezi tu. Kuna na mtu mzima wa ukoo anayeweza kuingia ukumbini akasema basi, jamani, tosheni.

Wagonjwa 17 wa baridi yabisi waliwekewa kifaa cha kuchochea vagasi, na matokeo yakatolewa mwaka 2016: TNF ilishuka na hali za wengi zikapata nafuu, kifaa kilipozimwa kwa muda, mambo yakarudi nyuma. Julai 2025 Marekani ikaidhinisha kifaa cha namna hiyo kwa wagonjwa ambao dawa zimewashinda, baada ya jaribio la watu 242. Nafuu ilikuwepo, muujiza haukuwepo. Na kifaa kinapandikizwa shingoni kwa upasuaji, kwa hiyo usiniulize bei.

Wanaouza kwa bei rahisi wako kwenye simu yako. Gugumiza maji kooni, vagasi itaamka. Tia uso kwenye barafu. Nunua kozi. Mimi sina ugomvi na mtu anayegugumiza maji, hayamdhuru. Nina ugomvi na anayemwambia mgonjwa aache dawa zake. Toka panya wa New York hadi koo lako ni safari, na hawa wanaiuza nauli bila kuwa na gari.

Nilidhani baada ya kusoma yote haya dawa itakuwa rahisi kuielewa: mnyamazishe mmoja wao. Haikuwa hivyo. Kuna protini iitwayo NGF, inayozilisha neva na kuzifanya ziwe kali. Rita Levi-Montalcini alipata Nobel ya 1986 kwa kuigundua, akigawana na Stanley Cohen. Kwenye uvimbe, seli za kinga huitoa kwa wingi. Ikatengenezwa dawa ya kuizuia, tanezumab, na maumivu ya magoti yalipungua kweli. Lakini baadhi ya wagonjwa viungo vyao vikaharibika kwa kasi. Mwaka 2021 jopo la washauri huko Marekani likaikataa kwa kura 19 dhidi ya 1, na mradi ukafungwa.

Upande wa pili nao, wa seli nyeupe, una mtego. Mwaka 2022 watafiti waliwafuatilia watu 98 wenye maumivu makali ya mgongo kwa miezi mitatu. Waliopona ni wale ambao mwanzoni seli zao nyeupe ziitwazo nyutrofili ziliwaka kwa nguvu. Ambao hazikuwaka ndio maumivu yao yalidumu. Na panya waliopewa mapema diklofenaki, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, maumivu yao yalirefuka badala ya kufupika. Ni panya, na binadamu 98 tu, kwa hiyo usiende kumwaga dawa alizokuandikia daktari. Mimi nilichojiuliza ni kuhusu vidonge vyangu vya diklofenaki, ambavyo kwetu unavinunua dukani kama peremende, na ambavyo Februari ile nilivimeza siku ya kwanza ya homa. Hilo lilikuwa kosa kwa sababu nyingine kabisa: kabla haijajulikana kama ni chikungunya au dengue, hushauriwa utumie parasetamoli, kwa kuwa dawa za jamii ya diklofenaki na aspirini zinaweza kuzidisha kutoka damu kwa mwenye dengue. Kama viliurefusha ugonjwa wangu, sina njia ya kujua. Ila bado nahesabu.

Kilichonisaidia hakina hadithi ya kuvutia. Daktari wa viungo, niliyempata mwaka uliofuata, alinisikiliza dakika 40, akanibonyeza kila kiungo, hakuitazama karatasi mpaka mwisho. Alinipa dawa ya kutuliza neva kwa kipimo kidogo cha usiku, na mtaalamu wa mazoezi akanifundisha kuzungusha vidole ndani ya ndoo ya maji, kidogo kidogo, kila siku, hata siku ambazo sitaki. Nilipata usingizi kwanza. Vidole vikafuata miezi kadhaa baadaye, vya kulia kabla ya kushoto. Leo nashika chaki. Kufungua chupa ya soda bado namwita mtu.

Idi iliyopita nilikwenda Lamu kumuamkia Shangazi, nikajaribu kumweleza haya yote, makrofaji na maikroglia na wengu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndio adabu yake. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni baridi yabisi," nami nikasema, "Ndiyo, Shangazi."

Akaamka, akafungua kasha, akatoa kofia ambayo sikuwahi kuiona. Ndiyo aliyokuwa akiishona 2004. Upande mmoja vitundu vimebana, vyote saizi moja, vimepangana kama vimepigwa mashine. Halafu pana mahali, karibu na mshono wa nyuma, ambapo ghafla vinatanuka, uzi unalegea, kimoja kikubwa, kimoja kimepinda upande. Aliimaliza hivyohivyo. Mara mbili watu walitaka kuinunua, akakataa. Aliniwekea kidole changu pale uzi unapobadilika, akakibonyeza kidogo, akaniuliza kama nahisi.

Nilihisi.